Nilivyotumwa Bukoba Kutafuta Hasira za Fundi

Wengine huenda Bukoba kuuza buni, wengine kupanda meli, wengine kushtakiwa bomani. Mimi nilikwenda kutafuta hasira. Na hasira zenyewe hazikuwa zangu, wala za dada yangu Adventina aliyenituma. Zilikuwa za mwanamume mmoja, fundi cherehani, jina lake Fortunatus, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona hata kisogo.

Mambo yalianza hivi. Fundi huyo alikuwa akija Muleba siku za gulio, cherehani yake juu ya lori, anashona barazani kwa Mhindi. Adventina alimpelekea kitambaa cha gauni. Gauni likatoka refu, likarudishwa lipunguzwe. Likatoka fupi, likarudishwa liongezwe pindo. Mimi niko bwenini shuleni sina habari, kumbe gauni limekwisha na sasa linazungumzwa la harusi! Fundi akatuma ujumbe kwa baba kwamba Jumapili ya juma lijalo atakuja kuposa. Baba akamwambia Adventina, "Mwanangu, sitakuburuta kama wazee wengine. Fikiri. Jumatatu jioni uniambie, nijue kama nimkaribishe au nimzuie asije kujitia aibu."

Siku hizo shule yetu ilikuwa imefungwa kidogo kwa kuwa upepo uliondoka na bati za darasa. (Tuliushukuru upepo huo kwa sala ndefu kuliko zote tulizowahi kusali.) Nikamkuta Adventina jikoni anamenya ndizi.

"Novati, nenda Bukoba ukamwangalie huyu mtu."

"Nimwangalie nini? Kama ana pua?"

"Pua nimeiona. Maneno matamu nimeyasikia mpaka sikio linaniuma. Mtu anayetafuta mke ni sukari tupu, hata chungu atakiita malaika. Mimi nataka kujua anakasirikaje."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanikumbusha jirani yetu mmoja, aliyeolewa na mtu wa kuchekacheka. Siku ya kwanza ndizi zilipoungua, chungu kilirushwa nje, na mwenye kukipika akakifuata. "Kila mwanamume hukasirika," akasema Adventina. "Mimi ndiye nitakayekaa na hasira zake mpaka nizeeke. Basi nizione kabla. Niletee."

Nilikubali mara moja. Sina sifa nyingi duniani, ila kuudhi watu najua. Mwalimu wetu wa hesabu alikwisha kusema mbele ya darasa zima kwamba afadhali angepewa mbuzi afundishe.

Ijumaa asubuhi nilipanda lori la buni. Baba aliambiwa nakwenda kumsalimu shangazi yetu wa Hamugembe, nikapewa na mkungu wa ndizi wa kumpelekea. Abiria wa heshima walikaa mbele na dereva, sisi makapi tukapanda juu ya magunia. Nawaambia ninyi mliobaki nyumbani, juu ya magunia ni pazuri kuliko mbele. Unaona vibanja vya migomba vya watu mpaka uani, unajua nani anakula nini, na watoto wanakupungia kama wewe ndiye Gavana. Nami niliwapungia vivyo hivyo, kwa mkono mmoja, bila kutabasamu.

Muhutwe lori lilisimama ili rejeta inywe maji. Taniboi alikuja na ndoo akinung'unika kwamba gari hili linakunywa kumshinda baba mkwe wake.

"Na wewe mwanafunzi, unafuata nini mjini?" akaniuliza.

"Nafuata hasira."

"Za nini kwenda mbali? Mwambie dereva ashuke asukume, utazipata hapa hapa."

Tulipofika Kemondo, ziwa likatokea upande wa kulia, likafichwa na migomba, likatokea tena kubwa zaidi. Mzee mmoja juu ya magunia akavua kofia. Sikujua kama analisalimu ziwa au anajikuna, lakini na mimi nikavua yangu, maana adabu haina hasara.

Baada ya adhuhuri nilikuwa Hamugembe. Shangazi nilimsalimu kweli, msije mkasema nilimdanganya baba. Nilipiga magoti mlangoni, nikamsalimu, nikamkabidhi ndizi, nikanyanyuka.

"Mawe, mama yangu! Hata maji hujanywa! Unakwenda wapi?"

"Nimetumwa, shangazi."

"Na nani?"

"Na aliyenituma."

Hapo miguu yangu ilikuwa imeshafika barabarani.

Adventina alinieleza kwamba Fundi anakaa kwa Bi Zuhura, karibu na gati. Hiyo ni nyumba ya wageni, ndefu, ukuta wa udongo na bati juu, vyumba vimeuzunguka ua. Wenyeji wake ni watu wanaosubiri meli, wanaoshuka melini, na wachache kama Fundi waliokuja kulala usiku mmoja wakasahau kuondoka. Bi Zuhura mwenyewe ni mama wa Kiislamu mwenye mwili na sauti. Babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani, naye hajawahi kuiona pwani hiyo, lakini kila mchuzi anaoupika huusikitikia kwamba hauna nazi.

"Karibu, mwanangu. Jina?"

"Petro," nikasema. Ndilo lililonijia haraka. Ndipo nikakumbuka kwamba Petro ndiye aliyemkana bwana wake, na hapo hapo jogoo wa uani akawika. Nikastaajabu kuona hata kuku wa Waislamu wanaijua Injili.

"Unatoka wapi?"

"Kamachumu."

"Haya, Petro wa Kamachumu, sheria za hapa ni hizi. Viatu mlangoni. Ugomvi nje. Na kwangu hapana mtu wa kula peke yake. Anayetaka sahani yake mwenyewe aende akalale hotelini kwa Wazungu."

Mtu wa kwanza kunikaribisha mkekani alikuwa Mzee Masanja, Msukuma mfanyabiashara wa ngozi, mpana kama mlango wa ghala. Alikuwa akisubiri meli ya kurudi Mwanza. Meli zilikuwa zikija na kuondoka, yeye hubaki, kwa sababu kila inapopiga honi anakuta chakula kimekaribia kuiva.

"Nshomile mwingine!" akasema alipoona kaptula yangu ya shule. Ndivyo wanavyotuita Wahaya, yaani mtu aliyesoma na asiyeacha kuwaambia wenzake kuwa amesoma. "Wewe umefika darasa la ngapi?"

"La kutosha kuhesabu matonge yako, mzee."

Ua mzima ukacheka, na Masanja akacheka kuliko wote. Nikajua hapa nitaishi vizuri.

Magharibi Fundi akaingia. Mwembamba, futi ya kitambaa shingoni kama rozari, masikio makubwa yaliyosimama kana kwamba yanasikiliza habari za Uganda. Akaketi karibu yangu. Sinia likaletwa, ndizi zilizopikwa na samaki sato mzima juu yake, na kichwa cha sato kikawekwa upande wa Fundi, maana yeye ndiye mkazi mkubwa. Nikaona kazi yangu imeanza. Nikanyoosha mkono, mimi mtoto, mgeni wa saa chache, nikachukua kichwa kile nikakitia mdomoni.

Kwetu watu wamepigwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Fundi akanitazama, kisha akasema, "Mwacheni. Kichwa kimekwenda kwa msomi, labda kitamsaidia kwenye mtihani." Akaendelea kula mkia.

Jumamosi asubuhi nilimfuata kazini, barazani kwa Mhindi mmoja katika barabara ya maduka. Nilijitolea kumsaidia, na nikamsaidia kama nzige anavyomsaidia mkulima. Alipoinuka kumpima mteja, nikauchomoa mkanda wa cherehani. Akarudi, akakanyaga, gurudumu halizunguki. Akaurudisha mkanda huku anapiga mluzi. Nikamwuliza kwa nini sindano ina tundu. Akanieleza. Nikamwuliza kwa nini tundu halina sindano. Akafikiri, akasema hilo ni swali zuri la kumwuliza padri. Nikaimba. Ninavyoimba mnajua, kwaya ilinifukuza kwa kura moja ya Mungu. Fundi akaniitikia!

Akaja mama mmoja akafoka kwamba blauzi inambana, akatupa blauzi juu ya meza. Fundi akasema, "Pole, mama, nitaiachia." Mimi nikaanza kuingiwa na hofu. Mtu huyu hana hasira, nikawaza, au anazo nyingi sana amezifungia mahali kama chui. Nitarudi Muleba nimwambie nini Adventina?

Mchana tulikwenda ufukweni. Fundi alikuwa na kitambaa kipya cha marekani, jora zima la kukata kanzu, na marekani huloweshwa kwanza ijikunyate kabla ya kukatwa, la sivyo kanzu ya leo ni shati la kesho. Nusu ya nyumba ya Bi Zuhura ilitufuata, kwa kuwa watu wale hawawezi kuona mwenzao akienda kufua bila kwenda kumtazama. Ziwa lilikuwa la buluu mpaka kisiwa cha Musira, na wavuvi walikuwa wanatandaza nyavu mchangani. Tukalowesha, tukakamua, tukatandika kitambaa juu ya mawe. Masanja akalala kando yake, akakoroma.

Upepo ukaja kutoka milimani bila hodi. Ukainyanyua marekani kama mzimu mweupe, ukaipeleka majini, ikaanza safari ya kwenda Uganda. Fundi akapiga ukelele akaingia ziwani na nguo zake, maji yakamfika kifuani, akasimama, anatapatapa. Kumbe hajui kuogelea hata kidogo! Nikaruka. Kuogelea ndiyo kazi pekee ninayoifanya bila kulazimishwa. Niliipata marekani mbali kidogo, nikairudisha meno yakiishika kama mbwa, na wakati wa kupanda mwamba kaptula yangu ikashikwa na jiwe, ikapasuka kutoka hapa mpaka pale pasipotajwa.

"Wahaya ninyi," Masanja alisema tulipokuwa tunatweta mchangani, "hata mkizama mtapiga kelele kwa Kiingereza."

Fundi hakucheka. Alinivisha koti lake, akanifunga vifungo mwenyewe kama mtoto mdogo. "Kaptula yako nitaishona mimi," akasema. "Kesho utaivaa mpya."

Jioni ile ua wa Bi Zuhura ulijaa. Meli ilikuwa imetia nanga, na wageni walikaa mikekani pamoja na wenyeji. Huyu anacheza bao, yule anakaanga karanga, mwingine anawasimulia wenzake bei za Kisumu. Mimi nilikuwa nimejifunga kanga ya Bi Zuhura kiunoni, na kila aliyeingia alinisalimu "Shikamoo bibi." Katikati ya raha hiyo Fundi akanisogelea, akaanza kuniambia habari zake.

Alizaliwa peke yake. Baba na mama wamekufa, na ukoo wake uko mbali, upande wa mpaka, watu ambao hata wakimwona hawatamjua. "Jumapili ijayo nakwenda Muleba kuposa," akasema. "Binti mmoja, Adventina."

Nikatafuna karanga na ganda lake.

"Ni mzuri?" nikauliza.

"Ni mbishi," akasema, na sijawahi kumsikia mtu akitaja ubishi kwa raha namna ile. "Gauni lake nililikosea mara ya kwanza kwa bahati mbaya. Mara ya pili nililikosea kwa akili zangu timamu."

"Sasa tatizo nini?"

"Nitaingiaje kwa watu peke yangu kama mwizi? Mtu anakwenda kuposa na ndugu. Anatangulia mdogo wake na kibuyu cha lubisi, wakwe waone kwamba ametoka kwa watu. Mimi sina wa kunitangulia."

"Mimi nitakubebea hiyo pombe yenu ya ndizi," akadakia Masanja.

"Watauliza kwa nini nimeleta na ng'ombe kabisa."

Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwa ng'ombe. Mimi sikuhama. Niliona Fundi ananitazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza. Niliisikiliza nikiwa ndani ya suruali ya Fundi, iliyonifika karibu na kwapa, na niliposimama kwa Injili ilichelewa kusimama nami. Tuliporudi, mvua ya Bukoba, ile isiyoomba ruhusa, ikatufungia barazani. Tukala. Baada ya kula Fundi akaingia chumbani mwake, humo nami nilimopewa pa kulala, akatoka na vitu viwili: kikapu kidogo cha buni za kutafuna, na wembe mpya.

Msomaji wa Muleba, wewe umeshaelewa. Lakini kama gazeti hili litamfikia mtu asiyekunywa maji ya kwetu, nimweleze. Buni za kutafuna tunampa kila mgeni, hilo si neno. Ila buni moja ina punje mbili ndani yake, zimelala zimekumbatiana. Watu wawili wakigawana punje hizo, kila mmoja akiwa ameipaka tone la damu la mwenzake kutoka tumboni, wakazimeza, hao wamekula mukago. Ni ndugu. Mama wa huyu ni mama wa yule. Na dada wa huyu ni dada wa yule, naye hamwoi mpaka kiama. Padri hukemea mukago kila mwaka mimbarini, na kila mwaka watu husema "Amina" wakarudi nyumbani na kuuheshimu.

"Bi Zuhura," Fundi akaanza, amesimama, "na wewe Mzee Masanja, nawaomba muwe mashahidi. Kijana huyu jana aliingia ziwani kwa ajili yangu bila kujua mimi ni nani. Mimi sina ndugu. Nimefikiri usiku kucha. Petro, nataka tule mukago, uwe mdogo wangu. Na Jumapili ijayo unitangulie Muleba."

Akaipasua buni. Ikatoa mlio mdogo. Punje mbili zikakaa kiganjani mwake.

Ebu nitazameni. Nikimeza, Fundi atapata mdogo wa kumsindikiza kuposa, na hapo hapo atampoteza anayekwenda kumposa. Nikikataa, nimemtukana mtu mbele ya nyumba nzima tusi ambalo halina la kulizidi. Nikisema mimi ni nani, upelelezi umekwisha kabla sijaona hasira, na Adventina atanimenya mimi badala ya ndizi.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi nini? Wembe? Hauumi."

"Siwezi kula na wewe."

Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini nadhani kila mtu alisikia. Masanja akaacha kutafuna. Fundi akafumba kiganja chake polepole.

Ndipo nikaziona. Masikio yake yalianza, yakatetemeka. Kisha taya. Akanisogelea, nami nikajikunja ndani ya suruali yake.

"Umekula samaki wangu," akasema, kwa sauti ya chini. "Umenichomolea mkanda, nikajifanya sikuona. Nikasema ni mtoto, anatafuta mkubwa wa kumchezea. Kumbe udugu wangu unakutia kinyaa?"

Akageuka. Cherehani yake ya akiba ilikuwa pembeni ya baraza, akaiketia akaanza kukanyaga. Alikanyaga kwa nguvu mpaka kuta zikatetemeka. Sindano ikakatika, paa! Akasema neno moja la Kihaya ambalo sitaliandika, akatia nyingine, akakanyaga tena. Mwisho akakata uzi kwa meno, akaja, akanirushia kitu usoni.

Ilikuwa kaptula yangu.

"Imekwisha," akasema. "Sitaki kukuona. Lakini sitaki pia uende kwenu uchi. Na sakafu ya chumba kile inaingiza maji upande wako, hamishia mkeka wako upande wangu. Mimi nitalala kwa Masanja."

Kwisha. Hizo ndizo zilizokuwa hasira zake. Nilikuwa nimezipata, zote, na kazi yangu ilikuwa imemalizika. Ningeweza kunyamaza mpaka asubuhi nikapanda lori. Lakini nilitazama mgongo wake akiondoka, nikaona siwezi kumwacha mtu aende kulala chini ya makoromo ya Masanja akidhani ninamwona uchafu.

"Fundi!" nikaita. "Ukila buni hiyo na mimi, Jumapili ijayo utakwenda kumposa dada yako."

Akasimama.

"Jina langu si Petro. Mimi ni Novati. Adventina ni dada yangu, tumbo moja."

Bi Zuhura ndiye aliyewahi kuelewa. Aliruka, na sikujua mama mwenye mwili ule anaweza kuruka. Akamkamata Fundi mkono, akakikunjua kiganja, akazitwaa punje zote mbili akazitia kinywani mwake akazitafuna.

"Nitafune mimi, nisiye na dada wa kuolewa!" akasema. "Lete na wembe huo. Wanaume ninyi, hata mkipewa mke mtajikata wenyewe!"

Masanja alianguka kwa kucheka, na mkeka ukajuta. Lakini Fundi hakucheka. Alikaa chini palepale sakafuni, mikono magotini.

"Shemeji," akasema taratibu, kama anayeonja neno. "Kile kichwa cha samaki?"

"Makusudi."

"Na mkanda?"

"Makusudi."

"Na kuimba kule?"

"Kuimba ndivyo ninavyoimba."

"Na marekani?"

"Hapana! Huo ulikuwa upepo. Naapa."

Hapo ndipo alipocheka, na masikio yake yakacheka pia. Kisha uso wake ukabadilika. Nikaona amekumbuka kwamba mimi ni jicho la mtu. Nilingoja aanze kunipaka mafuta, aniahidi kalamu au suruali. Akasema tu, "Mwambie ulichokiona. Usiongeze, usipunguze. Na sindano niliyovunja mwambie, maana aliyeivunja ni mimi mwenyewe."

Jumatatu asubuhi nyumba nzima ilinisindikiza mpaka kwenye lori. Bi Zuhura alinipa kisamvu cha karanga kwenye jani la mgomba, akaniomba radhi kwamba hakina nazi. Masanja alisema angenisindikiza mpaka Muleba, ila alisikia harufu ya mchele. Fundi alinishika mkono, akasema "Safari njema, shemeji kama Mungu akipenda," akaenda kazini mapema kuliko kawaida. Nilijua anakwenda kukanyaga cherehani ili asiifikirie jioni, maana nilikuwa nimemwambia kwamba ndipo Adventina atamjibu baba.

Njiani sikumpungia mtu. Watoto wa Kemondo watasema Gavana aliamka vibaya. Nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Ni rahisi kuchekesha watu. Kumbeba mtu mzima mdomoni mpaka kwa anayemsubiri, bila kumwagika, hapo kuna kazi.

Adventina nilimkuta kibanjani anakata majani makavu ya migomba. Hakunisalimu.

"Anakasirikaje?"

Nikamweleza yote. Kichwa cha samaki, marekani, buni. Alipofahamu habari ya buni alikaa juu ya shina la mgomba, akashika kifua.

"Ulikataa?"

"Nilikataa."

"Akafanya nini?"

"Alitetemeka masikio. Alivunja sindano. Alitukana tusi moja."

"Tusi gani?"

Nikalisema. Akafikiri kidogo. "Hilo hata baba analisema."

"Kisha akanitupia kaptula usoni, akaniambia hataki kuniona, akanihamishia mkeka mahali pasipovuja."

Dada yangu aliweka kisu chini. Akaniambia nigeuke, akashika mshono wa kaptula, akaupima kwa kidole kuanzia juu mpaka chini, pale ulipoanza na pale sindano ilipokatika na mpya ikaendelea. Mshono ulikuwa umenyooka. Sijui alikuwa anasoma nini pale, na kwa mahali ulipokuwa ni vizuri hapakuwa na mpita njia.

Wanaokwenda safari huulizwa wamejifunza nini. Mimi nilidhani mpelelezi anakwenda kumpima mtu, anarudi na kipimo mkononi. Sikuambiwa kwamba na yeye anapimwa, wala kwamba ukikaa siku tatu unakula na mtu sinia moja, huwezi tena kumtazama kama unatazama mbuzi wa mnadani.

"Na wewe?" Adventina akaniuliza, bado yuko nyuma yangu. "Wewe ungemkubali?"

"Mimi nimeshamkataa mara moja," nikasema. "Sitaki kurudia. Inauma vibaya."

Akanipiga kofi dogo mgongoni. Akainuka, akakung'uta majani kwenye gauni lake, lile lile lililokosewa mara mbili, akamwita baba kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Tata! Tata, waitu, uko wapi? Nimemaliza kufikiri!"